Kahawa ya Al Qabil Kabla ya Mechi

Kaka yangu Jamaldini hajui kunyamaza. Tangu utotoni ni hivyo. Marehemu mama alikuwa akisema ukimfungia chumbani peke yake atazungumza na mto. Mchana ni karani katika ofisi moja hapa Ibra, Oman, anakaa kwenye kiyoyozi anagonga mihuri, lakini ukimwuliza kazi yake atakwambia yeye ni mtangazaji wa mpira. Hana redio wala televisheni. Ana simu yake na kikundi cha Waswahili wa Sharqiyah, mkoa wetu, kwenye WhatsApp, na kila wiki kabla ya mechi huwatumia sauti: nani atacheza, nani kaumia, nani atafungwa na kwa nini. Wazee wa Sur humcheka Kiswahili chake cha bara, lakini asipotuma wanampigia kuuliza kama ni mgonjwa.

Mechi anayoingojea mwaka mzima ni ya skuli yetu ya sekondari na skuli ya Al Qabil. Al Qabil ni jirani zetu, mwendo mfupi wa gari, tunaoana na kuzikana, ila siku hiyo salamu zinakuwa za mdomoni tu. Jamaldini mwenyewe aliicheza zamani, akiwa winga wa kulia, na jino lake la mbele aliliacha kule.

Mpira ulimfanyia kitu ambacho sisi wengine hatukukipata. Bibi yetu Saburi alizaliwa Ujiji, na sisi tulipohamia Ibra jamaa wa baba walitupokea kwa halua na maneno matamu, kisha wakawa wanasema Kiarabu haraka haraka makusudi ili tusielewe. Skuli watoto walimcheka Jamaldini nywele zake. Walimwita majina nisiyoyaandika hapa. Siku aliyowafunga Al Qabil walimbeba mabegani mpaka sokoni, na hakuna aliyemtajia tena nywele. Siyasemi haya kumtetea. Hayo hasa ndiyo yaliyonitia hasira kwa alichokifanya mwaka huu.

Basi mwaka huu, mwanzoni mwa wiki ya mechi, alifanya kama kawaida yake: aliwatazama kwanza vijana wetu wakifanya mazoezi, kisha akapanda gari akaenda kuwatazama wa Al Qabil. Yeye husema hawezi kuitabiri mechi kwa kusimuliwa. Uwanja wao una upande mmoja wa mchanga ambapo mpira unakufa, na jioni upepo unavuma kuelekea goli la upande wa soko. Vitu hivyo huviangalia kwa makini kabisa. Akamwangalia na kipa wao, kijana mrefu aitwaye Muadh, hodari wa mipira ya juu, mzito kidogo kwa ya chini.

Mazoezi yalipokwisha, baba wa kipa, bwana mmoja anaitwa Khalaf, alimshika mkono asimwachie. Lazima anywe kahawa kwake. Jamaldini hakatai kahawa. Wakakaa majilisi, chumba cha wageni, ikaletwa tende, ikaletwa dalla, birika la kahawa, na kwenye sinia palikuwa na sahani ya vitumbua vya moto vilivyonukia hiliki. Kaka yangu akala. Kama angekuwa na akili hata ya kuazima, angejiuliza vitumbua vinatafuta nini kwenye nyumba ya Mwarabu wa Al Qabil. Yeye alidhani vimenunuliwa, kwa kuwa hapa Ibra wako wanawake wetu wanaouza.

Alipokunywa finjani ya pili, ikamjia hamu ya kutangaza. Akamwomba ruhusa Khalaf kwa Kiarabu, akasema watu wake wanangoja habari za mechi. Khalaf akafurahi, akamwambia tafadhali, sema. Na Jamaldini akafanya lile ambalo sote tunalifanya, madukani, hospitali, kwenye foleni ya benki: akasema Kiswahili mbele ya mtu kana kwamba amefunga mlango.

Alianza vizuri. Akasema winga wetu wa kushoto ana mbio, apewe mipira upande usio na mchanga. Akasema kipindi cha pili tucheze na upepo. Kisha akafika kwa kipa. Alikuwa amesikia uwanjani kwetu kwamba mama yake Muadh aliingia nyumba ile kama shaghala, mtumishi wa ndani. Alisikia hilo akaishia hapo, hakuuliza ni mtu wa wapi.

"Na huyo goalkeeper wao Muadh," akasema, "msimwogope. Mpigeni chini. Mama yake kaletwa kufagia nyumba za watu, yeye hata mpira wa chini hawezi kuufagia. Mtoto wa shaghala huyo, mkimfokea tu ataacha goli aende kuosha vyombo!"

Khalaf alisikia jina la mwanawe, akatabasamu, akammiminia finjani ya tatu. Jamaldini akaachia kidole, sauti ikaenda.

Alikuwa nje anavaa ndara zake wakati dirisha la jikoni liliposema naye, kwa Kiswahili safi cha Tanga, bila kupandisha sauti.

"Kaka, vitumbua sukari ilitosha?"

Jamaldini, mtu wa kuzungumza na mto, aliingia garini ndara moja mkononi.

Aliifuta ile sauti njiani, lakini watu walikwisha kuipokea na kuisambaza. Jirani yetu alikuja kwangu anacheka mpaka anashika ukuta, anataka niisikie. Niliisikia. Nilimwambia aende zake, kisha nikaenda kwa kaka yangu, nikamkuta kakaa sebuleni giza linaingia, hajawasha taa, uso umemsawijika.

"Safa," akaniambia, "nimemlia yule mama vitumbua vyake huku namtukana."

"Na mwanawe," nikamwambia. "Na Bibi Saburi pia. Au umesahau walivyotuita sisi?"

Akalia. Sikumbembeleza. Niliona haya kuwa ndugu yake, na niliona haya zaidi kwa vile nilijua ndani ya kikundi kile wako wengi waliocheka ambao bibi zao walitoka kule kule alikotoka yule mama. Nilimwambia lipo jambo moja la kufanya. Mwenyeji wake ni Mwarabu, aende kwa desturi ya Waarabu: aingie, apewe kahawa, aiweke finjani chini asiinywe. Mwenye nyumba atajua mgeni ana haja. Akishasema "kunywa, haja yako imekubaliwa," hapo ndipo aombe msamaha, na mtu hawezi tena kumnyima.

Tulikwenda siku moja kabla ya mechi, baada ya alasiri. Yeye akaingizwa majilisi, mimi upande wa wanawake. Mlango wa katikati ulikuwa na pazia tu, kila neno linapita.

Nilimkuta mwanamke mrefu, kajifunga kanga kiunoni, unga mikononi. "Shikamoo dada," nikasema, ingawa huenda mimi ndiye mkubwa. Akaitikia. Nikamwuliza jina.

"Mwanamboka. Kwetu Pangani." Akanitazama. "Wewe ni nduguye?"

Nikasema ndiyo, na macho nikayaangusha kwenye mkeka. Aliniambia, kwa maneno machache, kwamba aliletwa kumuuguza mama yake Khalaf. Alimuuguza mpaka akafa mikononi mwake, na baadaye Khalaf, aliyekuwa amefiwa na mke, akamwoa. Hakuongeza kitu. Nikaanza kusema tumekuja kwa ajili ya ile sauti, akanyanyua kidole nisikilize.

Upande wa pili kahawa ilikuwa imemiminwa. Tukasikia finjani ikiwekwa chini kwenye sinia.

"Kunywa, ndugu yangu," Khalaf akasema kwa Kiarabu.

"Nina haja," akasema Jamaldini.

"Kunywa! Wallahi imekubaliwa, hata ukitaka gari langu. Haja gani?"

Hapo ndipo nilipofahamu upumbavu wangu, na bila shaka yeye alifahamu wakati ule ule. Khalaf hakuwa na habari. Hakuelewa neno siku ile, na mkewe hakumwambia. Kuomba msamaha ilikuwa ni kuyatoa maneno yale kwa Kiarabu, neno kwa neno, mbele ya mume: mkeo nimemwita hivi, mwanao nimemwita hivi, ndani ya nyumba yako, kahawa yako ikiwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyempeleka.

Mwanamboka alisimama karibu na pazia.

"Kaka Jamaldini," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemkaribisha mgeni. "Mume wangu hajajua, na hatajua. Mwanangu kaniambia nisimwambie, baba yake asije akaona aibu uwanjani. Basi kunywa kahawa. Mwambie umekuja kutaka ruhusa ya kumtangaza Muadh. Kisha mtangaze. Mie niko hapa nasikia."

"Anasemaje?" Khalaf akauliza, anacheka.

"Anasema..." Kaka yangu akaishika finjani. "Anasema ninywe. Nimekuja kukutaka ruhusa, ya akhi. Nataka kumtangaza mwanao. Vizuri."

Khalaf aliangua kicheko. "Hiyo tu? Kahawa imepoa kwa hiyo tu? Umemfurahisha mama Muadh! Hujui wewe. Yuko dada mmoja kule Bidiya humtumia sauti zako, kila wiki anakanda unga anakusikiliza, anacheka peke yake. Mimi sielewi kitu, lakini napenda kumsikia akicheka. Ndiyo maana siku ile uwanjani nilikukamata mkono. Nikasema leo nimpelekee mwenyewe nyumbani. Alikupikia kwa mkono wake, hakukwambia?"

Mwanamboka hakugeuka. Nilimwona mgongo tu.

Jamaldini alikunywa ile finjani iliyopoa. Nikasikia simu ikilia kuanza kunasa sauti, na yeye akianza kama anavyoanza siku zote, salamu kwa wapenzi wa mpira kutoka Ibra mpaka Sur. Sauti ilikuwa yake, lakini ndogo. Akasema kesho ni mechi ngumu. Akasema golini kwa Al Qabil yuko Muadh, na mwaka huu hajamwona kipa anayeruka kama yeye, wasijidanganye na krosi.

"Nilisema maneno juu yake," akasema, "na juu ya mama yake. Yalikuwa maneno ya mtu mjinga. Muadh ni mtoto wa..."

Akakwama. Hakujua jina la yule mama. Alijua alivyokuja nchini na alichofanya alipofika, alijua vitumbua vyake, na jina hakuwahi kuuliza. Kwa Khalaf hawezi kuuliza, kwani mwanamume wa huku hatamki jina la mkewe mbele ya mgeni. Nilimshika Mwanamboka mkono, nikamnong'oneza amtajie. Akautoa mkono wake pole pole.

"Mtoto wa dada yetu," Jamaldini akasema mwishowe, na akaachia kidole.

Katika kikundi baadhi waliuliza kwa nini sauti ilikatika pale katikati, kama ni mtandao.

Tulipotoka alikawia sana kuvaa ndara zake. Aliivaa moja, akaivua, akaikung'uta mchanga usiokuwemo, akaivaa tena. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, tunamsikia Mwanamboka ndani akiosha vyombo. Nilimngoja garini mpaka alipochoka kusubiri dirisha liseme naye tena.