Kaka Yangu Alifuta Picha za Baba Kwenye Seva ya Duka

Admin, jina langu baki nalo mwenyewe, na duka letu usilitaje, maana Kasulu ni ndogo na wateja wetu wanausoma ukurasa huu. Nina miaka arobaini na mbili, mjane, mama wa watoto wawili. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikikosea.

Baba yetu alikuwa mpiga picha. Alivuka kutoka Burundi miaka ya sabini akiwa kijana, na alichookoa ni kamera, hata nguo za kubadilisha hakuwa nazo. Alikaa kwanza Kumsenga, kisha akawa anazunguka kwa miguu mpaka Busunzu na Kabanga akiwapiga picha wakimbizi wenzake waliofika mikono mitupu. Akina mama na watoto mbele ya vibanda vya nyasi, wazee waliovaa koti la kuazima, vijana siku ya kipaimara. Wengine walikufa kabla picha haijasafishwa. Kwa familia nyingi huku, picha ya baba ndiyo pekee inayoonyesha babu yao alikuwa na sura gani.

Alipofariki aliacha duka la picha na uchapaji, ambalo tunaliendesha mimi na kaka yangu, na maboksi saba ya filamu. Kwa miaka mitatu, kila nikimaliza kazi za wateja, nilikaa na skana nikiziingiza moja moja kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kazi zote za duka. Majina niliyaandika kadiri nilivyoyapata kwa wazee. Nilipomaliza, kaka akapaka duka rangi, na maboksi yote akayachoma pamoja na makaratasi ya zamani. "Si zimeshaingia kwenye kompyuta? Za nini tena?" Nilikuwa na nakala kwenye diski ndogo ya nje. Hiyo nayo akaichukua bila kuniambia, akaifuta, akapakia video ya harusi ya mteja. Nikarudi kwenye kazi za wateja. Yeye ndiye mkubwa.

Jumatatu hii seva ikajaa. Kazi zikagoma kuhifadhiwa, vitambulisho vya shule nzima vikakwama na mwalimu amesimama kaunta. Kaka akapiga meza. "Ni yale makorokoro yako ya wakimbizi!" Yaani yeye na mimi ni watoto wa nani? Nikamwambia taratibu, "Kaka, usifute kitu. Niache kwanza niangalie ni nini kinachokula nafasi." Nikampeleka mwanangu kliniki Kabanga. Niliporudi mchana, folda ya baba haikuwepo. Ameifuta, na kapu la takataka la kompyuta amelimwaga. "Tatizo nimeshalimaliza," ananiambia huku anakunywa soda.

Jumanne asubuhi seva ikatoa onyo tena, nafasi inakaribia kuisha.

Ndipo nikafanya kile nilichoomba tangu mwanzo. Nikazipanga folda kwa ukubwa, kubwa juu. Nikafungua ya kwanza, ndani yake nyingine, ndani nyingine tena yenye jina la namba tupu. Video, maelfu. Nikacheza moja, nikaona kisogo changu. Nikacheza nyingine, nakula viazi mezani kwangu. Nyingine ninalia, siku niliyopata habari za msiba wa shangazi. Kile kidude cheupe juu ya kabati la dukani, alichoniambia ni cha kutoa taarifa ya moto, kumbe ni kamera! Mwaka mzima kinanirekodi, sauti na picha, hata Jumapili kinarekodi kiti kitupu. Hizo video ndizo zilizokula zaidi ya nusu ya seva. Picha za baba zilikuwa kakona tu.

"Kaka, hii ni nini?"

Hakuona hata aibu. "Nitajuaje unafanya nini humu? Kila siku unaniingizia vibibi vyako, unavichapia picha."

"Ungeniuliza!"

"Nikuulize wewe?"

Kibibi kimoja ni bibi wa Busunzu. Mtoto wake wa kwanza alikufa wiki moja baada ya baba kumpiga picha. Mwezi uliopita nilimwonyesha, akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole, akasema kwa lugha yetu, "Ni umwana wanje." Yaani, ni mwanangu. Karatasi kubwa zilikuwa zimeisha, nikamwahidi kumchapia zikifika. Nitamtazamaje?

Nikampigia fundi mmoja wa kompyuta wa Kigoma. Akasema, "Dada, kilichofutwa hakiondoki papo hapo. Ila kitu kipya kikiandikwa juu yake, ndio basi. Zimeni mashine, msiiguse mpaka nifike Jumamosi." Kaka akacheka. "Nifunge duka siku nne kwa ajili ya wafu?" Akaendelea na kazi, na kamera yake akaiacha inarekodi. Kila saa inayopita, kisogo changu kinaandikwa juu ya sura za watu wale.

Jana, alipotoka kwenda kula, nikazima seva, nikafungua mfuniko, nikachomoa diski, nikaifunga kwenye kanga, nikaondoka.

Sasa mimi ni mwizi. Ameapa kwenda polisi kesho. Na kazi za wateja wote zimo humo, hilo silikatai. Mama amekuja leo, amekaa bila hata kutua mkoba. "Mwanangu, mrudishie. Baba yenu alishakufa, msiniulie na undugu."

Nikamuuliza, "Mama, na ile picha yako ya Kumsenga, kaka akiwa tumboni mwako? Nayo aliifuta."

Akaukumbatia mkoba wake. Kisha akasema tena, polepole, "Mrudishie."

Kesho ni polisi, keshokutwa ni fundi, na hajaniahidi kwamba atazipata zote. Ninyi mlio na ndugu, nisemeni hata kwa ukali, ila mniambie kabla hakujapambazuka: diski hii niirudishe, au nikae nayo mpaka Jumamosi hata kama nitakaa nayo mahabusu?