Bonjour yangu ilienda ku samaki

Leo bwana yangu alinionea wivu juu ya samaki zake mwenyewe.

Lakini mimi njo nilianza kuona wivu.

Aliweka aquarium, ile sanduku ya kioo ya samaki, ku salon. Maji ilikaa wiki mzima bila samaki, eti ipumzike kwanza. Mimi aliniingiza mu hii nyumba rangi ya ukuta haijakauka.

Tangu samaki zifike, akitoka ku kazi anapita mbele yangu, anainama ku kioo: "Bonjour, ba chéris, wapenzi wangu." Mimi niko pale na sahani yake mu mikono.

Courant ya umeme ikikatika, anapiga simu: "Pompe ya samaki iko sawa?"

Hata siku moja hajauliza kama mimi niko sawa.

Basi leo ndugu yake wa mtaa wa Karavia alikuja kuziangalia. Bwana akagonga kioo pole pole, akaziita. Hata moja haikugeuka.

Nikapita na thermos ya chai. Zote zikanifwata mpaka mwisho wa kioo.

Shemeji alicheka mpaka akakohoa.

Alipoenda, bwana akaniuliza, sauti chini: "Mama, asubui unazipatiaka nini?"

Nikamwambia: "Bonjour."

Chakula pia, lakini hiyo sikumwambia. Ba mama wenzangu, nilikosea?