Pipa Lililofunga Geti la Corberand

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Mfereji wa Kati, na Ghislaine Bonnardot amepiga goti kwenye kokoto akivua tairi la nyuma la baiskeli ya mgeni. Wageni wanane wamesimama pembeni na helmeti vichwani, wakimtazama. Mmoja amevaa yake mbele nyuma.

"Nani aliyejaza upepo?" anauliza Bonnardot.

"Mimi," anajibu mwenye baiskeli, mwalimu mstaafu kutoka Ghent. "Nilitaka liwe gumu kidogo."

"Limekuwa gumu, baba. Limekuwa gumu mpaka limepasuka. Jana nilisema pampu haiguswi na mtu ila mimi. Nilisema, sikusema?"

"Ulisema."

"Haya. Leo nasema tena. Na wewe mama, geuza hiyo helmeti."

Bonnardot ana miaka hamsini na miwili, na huu ni msimu wake wa kumi na nne wa kuongoza ziara za baiskeli kati ya Chagny na vijiji vya mizabibu. Hulipwa euro tisini na tano kwa siku, kuanzia Aprili hadi Oktoba. Majira ya baridi hupogoa mizabibu ya watu. Wageni hulala kila usiku kijiji kingine, mizigo yao hutangulizwa kwa gari, na wao hufuata njia ya kando ya mfereji, wakipita malango ya maji yanayopandisha na kushusha mashua, moja baada ya jingine, kabla ya kupanda kwenye mashamba.

"Watu wanadhani kazi hii ni kuendesha baiskeli," anasema akipachika tyubu mpya. "Kuendesha ndiyo mapumziko. Kazi ni kurudia maneno. Msichume zabibu za watu. Toeni salamu kabla ya kuomba mkate. Saa sita mchana kila mlango unafungwa. Nasema asubuhi, nasema barabarani, halafu saa sita na dakika kumi mtu ananijia na uso wa kuonewa: Ghislaine, mbona duka limefungwa?"

Hayo yote ameyazoea. Ambalo hajalizoea, na ambalo mwaka huu limemharibia usingizi, ni geti moja la chuma lililopakwa rangi ya kijani.

Geti hilo liko mwisho wa ua wa Anselme Poulleau, mkulima wa zabibu mwenye miaka sabini na minne. Upande mmoja ni mfereji. Upande wa pili ni ua, kisha kanisa, kisha kijiji cha Corberand. Likiwa wazi, mwendesha baiskeli hutoka mferejini hadi kijijini bila kukutana na gari hata moja. Likifungwa, hana budi kupita barabara kuu, kilomita moja na nusu isiyo na nafasi ya pembeni, pamoja na malori ya machimbo ya mawe.

Tangu Juni limefungwa kwa mnyororo. Kampuni inayomwajiri Bonnardot imemwambia kwamba hali ikibaki hivyo hadi Aprili, Corberand itaondolewa kwenye ziara na wageni watavushwa kwa basi dogo. Basi halihitaji kiongozi wa baiskeli, na ziara ya Corberand ndiyo karibu kazi yake yote ya mwaka.

Chanzo ni pipa.

Kwa miaka mingi Poulleau aliwapokea wageni wa Bonnardot katika ghala lake la chini ya ardhi. Alizibua pipa, akavuta mvinyo kwa mrija wa kioo, akampa kila mtu kidogo. Katika maghala ya huku kinachobaki kwenye bilauri hakimwagwi. Hurudishwa pipani kupitia tundu lile lile, kwa sababu pipa lisipojaa hadi juu hewa huingia na mvinyo huharibika. Wenyeji hufanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake.

"Niliwaeleza breki, nikawaeleza zabibu, nikawaeleza salamu," anasema Bonnardot. "Pipa sikueleza. Nani anaeleza pipa?"

Siku hiyo ya Juni alikuwamo daktari wa meno mstaafu kutoka Odense, Preben Kjærgaard. Aliwaona watu watatu mbele yake wakirudisha kitu kwenye tundu. Aliwahi pia kutembelea maghala ya nchi nyingine ambako pipa huwekwa ili watu wateme. Akapiga funda, akasukutua kama alivyowaamuru wagonjwa wake maisha yake yote, akainama, na kutema ndani.

"Hakujua alichofanya," anakumbuka Bonnardot. "Yeye akapangusa mdomo, akasema: Mzuri sana."

Poulleau alirudisha kizibo, akakigonga kwa kiganja na kusema neno moja: "Tokeni." Jioni mnyororo ukawa getini. Kjærgaard alipoelewa alichofanya aliomba alinunue pipa zima, na hapo ndipo alipozidisha ubaya.

"Anataka kununua mate yake mwenyewe?" Poulleau aliuliza kijiji kizima.

Kuanzia hapo Bonnardot aliwapitisha wageni barabara kuu. Wiki ya pili ya Julai lori lilipita karibu mno, upepo wake ukamsukuma mwanamke mmoja wa Lyon hadi mtaroni, akavunjika mkono. Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, Bonnardot aliwaacha wengine kivulini, akaenda kwa Poulleau na matope magotini. Hakubisha hodi.

"Kuna mtu amevunjika mkono, Bwana Poulleau! Kwa ajili ya funda moja la mate!"

"Mtoto wa tarishi, usinipigie kelele nyumbani kwangu." Baba yake Bonnardot alipeleka barua Corberand kwa baiskeli, na mzee huyu hajawahi kumwita jina jingine. "Ameumia sana?"

"Mkono, nimesema. Ingekuwa ni kichwa ungefungua geti?"

Poulleau alimshusha ghalani, akamwonyesha pipa lililochorwa msalaba wa chaki.

"Hili siwezi kuliuza, maana nitakuwa tapeli. Kulimwaga siwezi vilevile. Nilipogoa kwenye baridi, nikavuna kwa mgongo huu mbovu. Likae hapa linitazame mpaka nife?"

"Unataka nini basi?"

"Linywewe. Likiisha, geti litafunguka."

"Na nani? Lina lita mia mbili na zaidi!"

"Wewe ndiye uliyemleta yule bwana. Tafuta watu. Ila kila anayekunywa aambiwe kwanza. Sitaki mtu adanganywe ndani ya ghala langu."

Ili usiharibike kwa hewa, Poulleau aliuhamishia mvinyo wote kwenye chupa, zikafika mia tatu kasoro chache, zote hazina lebo. Kazi ya kuzimaliza ikamwangukia Bonnardot, ambaye anakiri kwamba yeye mwenyewe hapendi sana mvinyo mwekundu.

Leo, wiki moja kabla ya mavuno, anawashusha wageni kwenye baiskeli barabara kuu inapoanza. "Hapa tunatembea. Mstari mmoja. Anayepanda baiskeli nitamrudisha Chagny kwa miguu." Malori matatu yanapita. Kofia ya mwalimu wa Ghent inapeperuka kutoka mfukoni na kuangukia katikati ya lami. Anaitazama, kisha anamtazama Bonnardot.

"Usithubutu," anaambiwa. Kofia inabaki huko.

Wanafika Corberand saa sita na dakika kumi. Mwalimu anasimama mbele ya duka la mikate, anavuta mlango, anavuta tena.

"Ghislaine, mbona..."

"Usiimalize hiyo sentensi, nakuomba."

Anawazungusha hadi mlango wa mbele wa Poulleau. Mezani tayari ameketi Régis Lhuillier, mlinzi wa malango ya maji, aliyekuwa wa kwanza kujitolea mwezi Julai na ambaye tangu hapo hajakosa mchana hata mmoja. Poulleau anaweka chupa mbili, mkate na jibini.

"Waambie," anamwamuru Bonnardot.

Anawaambia. Amelisimulia jambo hili mara nyingi mno, na sasa analisema kama mtu anayesoma ratiba ya treni: daktari, tundu, funda, mate. Wageni wanatazama bilauri zao.

"Kunyweni bila wasiwasi," anasema Lhuillier. "Mate ya daktari wa meno ndiyo mate safi kuliko yote Ulaya. Ingekuwa ya Anselme nisingegusa."

"Wewe ungekunywa hata maji ya mfereji," anajibu Poulleau, "kama yangetiwa kwenye chupa yangu."

Mwalimu anainua bilauri, anainusa kwa muda mrefu, anakunywa. Wengine watano wanamfuata. Wawili wanakataa kwa adabu, na Bonnardot anazinywa zao huku akikunja uso. Mwishoni hakuna anayejua afanye nini na tone lililobaki, mpaka Poulleau anapowaambia kwamba chupa siyo pipa: hakirudishwi kitu, wamalize.

Zimebaki chupa themanini na nne. Oktoba ziara zinakwisha, na Lhuillier peke yake, kwa juhudi zake zote, hatoshi.

Kwa hiyo Bonnardot ameomba likizo isiyo na malipo. Wiki ijayo ataiacha baiskeli, ashike mkasi, avune kwa Poulleau pamoja na wavunaji wengine thelathini. Siku ya mwisho, kama ilivyo kila mwaka, mwenye shamba atawaandalia wavunaji karamu, na Poulleau amekubali chupa zote zilizobaki ziwekwe kwenye karamu hiyo, baada ya kila mtu kuambiwa. Ufunguo wa mnyororo ameutundika kwenye msumari juu ya meza. Bonnardot anautazama kila anapoinua bilauri.

Kjærgaard naye anakuja. Alipiga simu Jumapili akisema amesikia habari za karamu, kwamba atavuna siku zote bila malipo, na kwamba ni haki anywe sehemu yake. Poulleau alipoelezwa aliuliza kama bwana huyo ana mgongo mzima.

"Mzee hajakataa, na kwake hiyo ni ruhusa," anasema Bonnardot, akiwahesabu wageni wake kwa kidole kabla ya kurudi barabarani. "Nimempigia daktari nikampa masharti mawili tu. Aje na mabuti. Na mvinyo ukishaingia mdomoni, ameze."