Sauti ya Nyuma ya Ukuta

Jina la Kupe hakupewa na watu waliompenda. Alibandikwa na msemaji wa halmashauri, bwana mmoja aliyechoka kumkuta kila asubuhi kwenye benchi la nje ya ofisi yake, akisubiri jibu la swali lile lile la jana. "Huyu mama si mwandishi, ni kupe," alisema mbele za watu. "Aking'ang'ania ng'ombe, mpaka ashibe." Alidhani amemtukana. Kupe mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, na juma lililofuata alifungua kipindi chake redioni kwa jina hilo. Tangu siku ile hata mama mkwe wake alianza kumwita Kupe, ila kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa wa aibu.

Alikuwa binti wa dobi. Alikulia katikati ya ndoo, pasi za mkaa na mashati ya watu wa ofisini, na redioni aliingia kwa mlango wa nyuma, kusoma matangazo ya vifo. Kazi ile wenzake waliikimbia. Yeye aliipenda, kwa sababu ilimfundisha kutamka jina la mtu kwa heshima, awe tajiri au kapuku. Baadaye akapewa kipindi cha alasiri, cha watu wenye malalamiko. Kituo chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kuta za studio zilizibwa kwa vipande vya sponji walivyopewa na jirani yao huyo. Jua likiwaka, mle ndani kulinuka godoro jipya.

Huko ndiko alikomkuta mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye aproni bado kiunoni, ameketi ngazini baada ya kipindi kwisha. Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa amefungwa maisha kwa kumuua mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa. Mpishi alikuwa ameshawaendea mawakili, viongozi wa dini na mbunge.

"Wote wananiuliza kama nina ushahidi," alimwambia Kupe. "Ningekuwa nao, ningekuja kwako kufanya nini?"

Kupe alilipenda jibu hilo. Akamkaribisha ndani, akazima feni ili wasikilizane, akaambiwa kisa chote.

Karakana ya Fundi ilipakana na duka la marehemu. Wawili hao hawakuiva chungu kimoja. Mzee, yule mwenye duka, alilalamikia kelele na cheche, Fundi alilalamikia malori ya saruji yaliyoziba njia yake, na mtaa mzima ulishawasikia wakirushiana maneno. Jioni moja Mzee alikutwa ndani ya stoo yake, amepigwa kichwani, amekufa. Nyundo ya Fundi ilionekana uani. Lakini nyundo ya fundi kukutwa karibu na karakana yake ni kama kijiko kukutwa jikoni, na hata jaji hakuitegemea sana. Kilichomfunga ni maneno ya mwanamke mmoja, msusi wa nywele, aliyepanga chumba kilichogusana ukuta na ile stoo. Aliiambia mahakama kwamba alimsikia Fundi akisema, "Leo tutamalizana," kisha kishindo, kisha kimya. Wakili aliyepewa Fundi na serikali alikutana na mteja wake asubuhi ya kesi, na hakumuuliza Msusi swali hata moja la maana.

Mwenye kituo aliposikia habari hizo, alimsihi Kupe asifukue makaburi. Polisi walishamaliza kazi yao, alisema, na watangaza biashara hawapendi vurugu. Kupe alimjibu kwa adabu zote kwamba amemsikia, na kesho yake akaanza kazi.

Hakuanza peke yake. Gazetini kulikuwa na mwandishi aliyekuwa akinyang'anyana naye habari kama paka wawili na kichwa cha samaki. Watu walimwita Besi kwa sauti yake nzito, iliyoweza kumwamsha mlinzi aliyelala geti la pili. Besi aliwahi kusoma sheria kabla hajakimbilia magazeti, na aliijua njia ya gerezani. Kupe alimfuata, akampa nusu ya habari ambayo hajaipata bado, na Besi akakubali bila kuringa.

Gerezani walimkuta Fundi amekonda, mikono mipana ikiwa imetulia juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine. Hakulia wala hakuapa kwa Mungu. "Sikumuua yule mzee," alisema. "Nilimchukia, hilo sikatai. Lakini jioni ile nilikuwa nimeshafunga, niko njiani kwenda kwangu, na njiani nilipishana na watu wasionijua." Kupe aliona kwamba mwongo angetafuta hadithi nzuri zaidi ya hiyo. Aliona pia jambo jingine, akalinyamazia mpaka walipotoka nje ya geti.

"Umeisikia sauti yake?" alimuuliza Besi.

"Nimeisikia. Kama yangu."

"Kama yako, na kama ya wanaume wengine kibao wa mji huu."

Kabla ya kumwendea shahidi, Kupe alikwenda kwa mjane wa marehemu. Besi aliona ni kujitafutia balaa, lakini Kupe alikuwa na msimamo wake: mwenye msiba haambiwi na redio. Mjane alimpokea sebuleni, picha ya mumewe ikiwa ukutani, na wanawe wakubwa wamesimama nyuma ya kiti chake. Kupe alimweleza alichokuwa anakitafuta, wala hakukipaka asali.

Mjane aliinua macho kwenye picha ya mumewe. "Mwanangu," akasema, "mimi nalala usingizi kwa sababu najua aliyeniulia mume wangu yuko ndani. Wewe umekuja kuninyima usingizi huo."

"Nisamehe, mama. Kama ni yeye, nitarudi nikwambie hivyo hivyo, na utalala vizuri zaidi."

Mmoja wa vijana alitaka kumtoa nje. Mama yao alimzuia kwa mkono, lakini hakumuaga Kupe alipoondoka.

Kwa Msusi alikwenda peke yake, kwa hesabu zake: mwanamke mbele ya kioo, kichwa kikiwa mikononi mwa mwenzake, huongea. Saluni ilikuwa uchochoroni, viti viwili na kioo chenye ufa. Akaketi, akaomba asukwe, na mistari ilipofika katikati ya kichwa akajitaja yeye ni nani na kimemleta nini. Vidole vya Msusi vilisimama. Kupe alidhani atafukuzwa akiwa na kichwa kilichosukwa nusu. Kumbe yule mama alikuwa akilisubiri swali hilo muda mrefu kuliko alivyojua mwenyewe.

"Mimi nilisema ni sauti nene, kama ya Fundi," alisema. "Askari akaniuliza, 'Kwa hiyo ni Fundi?' Nikamwambia labda. Akaandika. Waliponiita mahakamani, ile labda yangu ilishadondoka njiani, na mimi nikaogopa kuirudisha. Halafu kadiri nilivyolirudia lile neno, ndivyo nilivyoamini kwamba ni yeye. Hata leo naamini ni yeye. Ila siku nyingine naamka siamini."

Kupe hakumsukuma. Alimuuliza tu kama angekubali kuketi tena katika chumba kile na kusikiliza. Msusi alimaliza mistari yote iliyobaki kabla ya kusema ndiyo.

Chumba kilikuwa bado kipo, na stoo iligeuzwa ghala la duka la dawa. Mwenye duka alitoa ruhusa. Besi alimleta wakili wa msaada wa kisheria, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, ili asije mtu akasema Msusi aliwekewa maneno kinywani. Mpango ulikuwa rahisi. Wanaume kadhaa wenye sauti nzito wangesimama ghalani, kila mmoja kwa zamu yake aseme maneno yale yale kwa hasira, na Msusi, akiwa chumbani na wakili na Kupe, aseme kama anamtambua. Miongoni mwao alikuwamo kaka wa kuzaliwa wa Msusi, dereva wa lori. Mwenyewe aliambiwa kwamba kaka yake yumo.

Walichagua saa ile ile ya jioni, mtaa ukiwa na kelele zake za kawaida, masufuria, watoto, pikipiki. Mwanamume mmoja hakutokea, na Besi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapanga wenzake tu, akaingia kwenye foleni kuziba pengo. Msusi hakuwahi kukutana naye.

Sauti ya kwanza ilipenya ukutani, nene, imevimba kama inatoka ndani ya pipa. Msusi alitikisa kichwa: hamjui. Ya pili, hamjui. Ya tatu akatabasamu, akasema huyo ndiye kaka yake, angemtambua hata kaburini. Wakili aliandika bila kuinua macho. Kupe, aliyeijua foleni, alikuwa akijua kwamba aliyesema ni fundi bomba wa mtaa wa pili, lakini uso wake haukubadilika. Kaka mwenyewe alipofika zamu yake, Msusi alisema huyo ni mgeni.

Kisha Besi akasema.

"Leo tutamalizana."

Msusi aliruka kitini. Mkono wake ukamshika Kupe kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Huyo ni Fundi," alisema. "Mmemtoa lini?"

Wakili ndiye aliyezungumza, taratibu, akimwambia kwamba Fundi yuko gerezani, hajatoka hata kwa saa moja, na kwamba aliyesema ni mwandishi wa gazeti. Wakamwita Besi aje mlangoni, na Msusi akamtazama kijana mrefu mwenye miwani aliyekuwa akitazama viatu vyake kwa haya. Akaambiwa pia habari ya kaka yake. Hapo ndipo alipolia, na Kupe alizima kinasa sauti. Alikuwa na alichokihitaji, na machozi yale hayakuwa ya redio.

Alipotulia, Msusi alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Alimwambia wakili aandike kila kitu, na ile labda yake aiandike mahali pake, naye ataitilia sahihi na kuirudia mbele ya jaji yeyote. Wakili alimwonya kwamba wapo watakaomwita mwongo. Alijibu kwamba wanaweza kupanga foleni na wale waliokwisha kumwita hivyo moyoni mwake.

Kipindi kilirushwa alasiri na makala ya Besi ilitoka siku hiyo hiyo. Duka la magodoro lilijaa watu ambao hawakuja kununua godoro. Mwenye kituo, aliyekuwa ameapa hatasikiliza, alisikiliza akiwa kwenye gari mpaka betri ikaisha, kisha akapanda ngazi na kusema kwamba yeye aliiamini habari hii tangu mwanzo. Kupe alimshukuru kwa imani yake. Nyumbani, mama mkwe alimwambia kwamba alikohoa mara moja katikati, na kwamba kipindi kilikuwa kizuri.

Polisi walitoa tamko kali. Mwendesha mashtaka alisema mahakama haiendeshwi na waandishi, jambo ambalo Kupe alikubaliana nalo kabisa. Ndiyo maana, alisema hewani, wameirudisha kesi mahakamani. Ilichukua muda mrefu, na kesi iliahirishwa mpaka watu wakasahau kukasirika. Kupe hakusahau. Kila tarehe ilipotajwa alikuwepo, benchi la nyuma, pembeni mwa mpishi wa shule. Majaji walipoketi hatimaye, walimsikiliza Msusi, wakasikiliza rekodi, wakaenda wenyewe kusimama katika kile chumba. Hukumu yao ilikuwa fupi: ushahidi wa sauti ile haukufaa kumfunga mtu, na ukiondolewa huo hakikubaki kitu. Fundi aachiwe.

Koridoni palikuwa na msongamano. Mpishi alimshikilia kaka yake shati kana kwamba majaji wangeweza kubadili mawazo. Msusi alikuwa amejibanza kwenye kona, anatazama ukuta. Fundi alimwona, akamwendea, na watu wakapisha. Alisimama mbele yake muda wa kutosha mpaka yule mama akalazimika kumtazama.

"Umerudi ukasema," alimwambia. "Askari hakurudi. Wakili wangu hakurudi."

Hakumwambia amemsamehe, na wala Msusi hakuuliza. Fundi alimpa mkono, kisha akamfuata dada yake kwenye ngazi, akishuka polepole kama mtu asiyezoea ngazi.

Kupe alikuwa akikusanya nyaya zake wakati mjane alipokuja na wanawe. Besi alijisogeza karibu, akihofia shari. Mjane alionekana kuwa ameshalitafakari neno lake tangu asubuhi.

"Uliniambia utarudi," alisema.

"Nilikuwa nakuja kwako kesho, mama."

"Usije kesho. Njoo sasa hivi, twende nyumbani. Mume wangu aliuawa na mtu, na mtu huyo hajakamatwa. Kuna watu waliokuwa wakimjia dukani siku zile, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zao. Nataka uniulize wewe."

Yule kijana aliyetaka kumtoa nje siku ile ndiye aliyembebea begi la vyombo mpaka kwenye gari. Kupe alimtuma Besi atafute teksi ya kuwafuata, akampigia mumewe simu asimngoje kwa chakula, akapanda na kuketi kiti cha nyuma pamoja na mjane. Gari lilikuwa halijafika hata barabara kubwa, na tayari alikuwa ameuliza swali la kwanza.