Mafuta Niliyotia Kule Mahagi

Siku yangu ya kwanza katika garaji ya shirika moja hapa Bunia sikupewa hata spana. Shefu wa garaji, mtu mfupi mwenye sauti ya kanisani, alinionyesha moto, yaani pikipiki, iliyoinuliwa gurudumu la mbele. "Zungusha, halafu sikia," alisema. Nikazungusha. Gurudumu lilisugua, likasimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. "Freni umeachilia, lakini diski iko bado imeshikwa. Tafuta sababu. Usiguse kitu mbele ya kujua."

Ninyi vijana mnakimbilia nyundo. Sisi tulifundishwa kuuliza kwanza. Ukilegeza ile skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye etriye, yaani chuma kinachobana diski, na gurudumu likawa huru, basi presha imenaswa huko juu: pompu ya mkononi, pale kwenye mpini wa freni, yaani breki, hairudishi mafuta. Lisipokuwa huru, pistoni zimekwama kwa matope, au pini ambazo etriye huteleza juu yake zimekauka. Haya yote niliyajua kama jina langu, ndiyo maana sina pa kujificha.

Baada ya miaka michache nilipelekwa Mahagi, peke yangu, nitunze moto za wauguzi wa chanjo. Wiki moja mafuta ya freni yaliisha, mzigo haukuja, na muuguzi alikuwa amenisimamia kichwani akitaka kuondoka. Nikatia mafuta ya injini kwenye freni ya moto yake. Kila fundi anajua kwamba hayo huvimbisha mipira ya ndani ya freni, ila si siku ileile. Freni ikashika vizuri, muuguzi akanishukuru. Nikajiambia nitayabadilisha mzigo ukija. Ulipokuja, moto ile ilikuwa imeshateremshwa Bunia, na sikumpelekea mtu habari. Niliona aibu, basi.

Bunia aliipokea Faustin, rafiki yangu niliyeanza naye kazi, fundi kunishinda mimi. Alibadilisha plaketi, vile vibao vinavyosugua diski, akatia sahihi kwenye fishi, karatasi ya kazi iliyofanyika. Siku tatu baadaye muuguzi mmoja alikuwa anaenda nayo Bule, gurudumu la mbele likajifunga kwenye mteremko. Alivunjika mguu.

Niliitwa kutoka Mahagi kuja kuifungua. Shefu alisimama upande mmoja, Faustin upande mwingine. Nililegeza skrubu, gurudumu likawa huru. Nikafungua pompu: mipira imevimba, na harufu ya mafuta ya injini ikanijaa puani. Nikafuta haraka kwa kitambaa.

"Umeona nini?" shefu aliuliza.

"Mipira imeharibika, shefu. Haikuangaliwa."

"Faustin, hii fishi iko na sahihi ya nani?"

"Ya miye, shefu."

"Basi acha spana zangu hapo. Kazi yako imeisha."

Nilikuwa na mke na watoto, nikajitetea hivyo moyoni. Na Faustin alikuwa nao. Nilibaki pale hadi pensheni, na miaka ya mwisho nilikuwa mimi shefu wa garaji, katika kiti ambacho sisi sote tulijua kingekuwa cha Faustin. Waliniaga kwa hotuba na soda, wakanisifu kwa uaminifu. Kufundisha nilifundisha wengi, lakini hakuna hata mmoja niliyemsimulia habari hii, nami najuta.

Mwaka huu nilimtafuta Faustin. Vita vilimtoa kwao Kpandroma. Sasa anatengeneza baiskeli pembeni mwa soko hapa Bunia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuacha kukaza mnyororo.

"Nilijua, ndugu yangu. Ile harufu nilisikia siku ileile. Nilikuwa karibu na weye."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa nangoja weye useme. Nilikaa kwa mulango ya garaji mpaka bakafunga."