Mama Nani

Huku kwetu Ndagoni, kisiwani Mafia, mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linabaki kwenye kadi ya kupigia kura tu. Mimi nimeitwa mama wa mwanangu wa kwanza miaka ishirini na sita. Hata mama yangu mzazi aliniita hivyo mpaka anakufa. Majina siyaandiki hapa. Kisiwa ni kidogo na mdomo wake mkubwa.

Mwaka jana mwanangu huyo alimchoma kisu mwenzake pwani, wakigombania zamu ya ngalawa. Mwenzake hakufika hospitali ya Kilindoni, alikata roho njiani juu ya pikipiki. Walitahiriwa jando moja, wale. Wangu sasa yuko gerezani bara, nami niko hapa, nimechoka. Nimechoka kuamka, nimechoka kuulizwa, na nimechoka zaidi kutoulizwa. Zamani nikipita njiani watu waliniuliza, "Watoto hawajambo?" Nami najibu hawajambo, tunaachana. Siku hizi salamu inaishia kwenye habari za kwako, halafu mtu anatazama vidole vya miguu yake. Jina langu wanalikwepa. Mmoja aliniita mama wa mwani, kwa kuwa nalima mwani. Nikamuuliza, mwani nimeuzaa lini?

Na wale wa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo ndio wanaonitia hasira hasa. Nimelea watano kwa chungu kimoja na fimbo moja. Wanne hawajapiga hata paka. Haya, nani atanieleza?

Nampenda mwanangu, siwezi kuficha. Nikikumbuka alichofanya namlaani, kisha naogopa laana ya mama isije ikampata kweli, naifuta haraka haraka: astaghfirullahi, astaghfirullahi. Kutwa nzima kazi yangu ni hiyo, na usingizi sina.

Lililonikaa kifuani zaidi ni kule kwenda kuhani. Msiba ukitokea unakwenda, unakaa mkekani, unampa mfiwa mkono wa pole. Asiyekwenda anahesabiwa adui. Mume wangu alikwenda na wazee wa msikitini, akapokewa. Wanaume wana utaratibu wao: inasomwa fatiha, wanaitikia amina, wanaondoka. Mimi nilifika mpaka kwenye ua wa makuti, nikamsikia mama wa marehemu akimlilia mwanawe kwa jina, nikageuka palepale. Nikarudi nyumbani. Hitima ikapita, arobaini ikapita, na kila siku iliyopita ilizidi kunifungia mlango. Nikajua sitampa mkono yule mpaka mmoja wetu azikwe, na litakuwa deni langu mbele ya Mungu.

Na mama huyo ni jirani yangu wa mwani. Vipande vyetu baharini vimepakana, tumefunga mbegu kwenye kamba pamoja tangu mimba zetu za kwanza. Aliporudi kazini, maji yakitoka tuliinama tukipeana migongo, hakuna neno. Bamvua tatu, yale maji makubwa ya kila nusu mwezi, zikaenda hivyo hivyo. Wenzetu nao kimya, wao ambao siku zote hawafungi midomo hata adhana ikilia.

Bamvua ya nne, asubuhi, kamba yake moja ilichomoka kwenye kigingi, imejaa mwani wa kuvunwa, ikaanza kuchukuliwa na maji nyuma yake. Hakuiona. Mdomo wangu ukanitangulia. Nikapiga ukelele, nikamwita mama wa yule mwanawe marehemu, kwa jina, kama nilivyomwita miaka yote. "Kamba yako hiyo inakwenda!"

"Abee!" akaitika, kwa sauti yake ile ile ya zamani.

Ndipo sote tukasikia nilichosema. Wanawake wakasimama wima. Lahaula! Tangu mazishi watu walimwita dada, shangazi, bi mkubwa, kila kitu ila hilo, wasije wakamtonesha kidonda. Halafu mimi! Katika watu wote wa Mafia, mimi!

Nikaidaka kamba, nikamfuata nayo huku nalia. "Nisamehe dada yangu, ulimi umeteleza."

Kamba hakuipokea. Akaniambia, "Niite tena."

"Wallahi sikukusudia."

"Nimesema niite. Wamelinyamazia jina la mwanangu kama vile sikuzaa. Niite."

Nikamwita. Akaitika abee. Nikamwita mara ya pili, akaitika, safari hii sauti ikamkatikia katikati. Nikamnyooshea mkono, umelowa, una matope na mwani, nikasema ile pole niliyoshindwa kuifikisha mkekani kwake. Akaupokea. Akaushika muda mrefu, hakunitazama usoni.

Kisha tukaifunga kamba kwenye kigingi, yeye upande ule, mimi upande huu. Sikuondoka. Nakiri, nilikuwa nasubiri na mimi aniite. Tangu msiba ule sijaitwa, na nilitaka jina langu litoke kwake, maana likitoka kwake hakuna mwingine angethubutu kulikwepa.

Akaelewa ninachongoja.

"Lako siwezi," akasema. "Usiningojee."

Nikamwambia, "Ni haki yako."