Mume Hayupo, Sifuri Tisa

Immakulata wa Ijumbi hakupenda kuulizwa maswali, na ajabu ya mambo ni kwamba kila kazi aliyopata maishani ilikuwa ya kuwauliza wengine. Zahanatini aliwauliza kina mama mtoto ameharisha mara ngapi. Kwenye jumuiya ya kanisa aliuliza nani hakuja kusali rozari, na kwa nini. Mwaka 1991 wakubwa na wafadhili wao wakampa swali zito kuliko yote: mwanamke akianza vidonge vya uzazi wa majira, huviacha baada ya miezi mingapi, na sababu ni nini? Waliolitunga swali hilo walikaa mbali sana, wakalitunga kwa lugha yao, kisha mtu fulani akalitia Kiswahili cha ofisini. Wahaya wakaachiwa kazi ndogo ya kulijibu.

Lakini tuanze na neno “hayupo”, maana ndilo lililomponza. Immakulata alilijua vizuri tangu mwaka wa vita na Uganda. Mumewe, Mwijage, aliitwa mgambo mwishoni mwa sabini na nane, ndoa ikiwa haijamaliza mwezi. Watu walipokuja kumuulizia, mama mkwe, bibi Leokadia, aliwajibu akiwa mlangoni: “Hayupo.” Hakusema yuko vitani, wala hakusema kama barua zinafika. Kwake yeye, kulitaja balaa ni kulikaribisha sebuleni. Na kweli Mwijage alirudi, amekonda, ana redio ya betri na buti mbili zisizofanana. Tangu siku hiyo bibi Leokadia akaamini kwamba neno lile lina dawa ndani yake.

Mara ya pili halikufanya kazi. Mwijage alifanya biashara ya vitambaa vya magendo vilivyotoka Uganda, na Ukimwi ulipoingia watu waliuita Juliana, jina la vitambaa hivyo hivyo. Alilala kitandani miezi minane. Akafa Novemba themanini na nane, watoto wa jirani wakiwa mbio kwenye nyasi kukamata senene. Wakamzika kwenye kibanja, shamba la nyumbani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kama ilivyo desturi. Baada ya matanga mtu alikuja kuuliza habari zake, na bibi Leokadia akasimama mlangoni pale pale: “Hayupo.” Immakulata alikuwa nyuma yake ameshika ufagio. Alitaka kusema, akashindwa, na kuanzia hapo naye akawa anajibu hivyo hivyo.

Vidonge alikuwa akivimeza mwenyewe. Alikuwa msaidizi katika zahanati moja upande wa Nshamba, yeye ndiye aliyewagawia wanawake, na vya kwake alivificha kwenye kopo la chumvi kwa sababu padre aliuliza mambo hayo hadi kwenye kitubio. Aliviacha Machi ile mumewe alipoanza kulala kitandani peke yake naye akatandika mkeka chini. Aliona aibu kumeza dawa ya kuzuia mtoto katika nyumba ambayo kitu pekee kilichokuwa kikija kilikuwa kifo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Basi mwaka huo wa tisini na moja aliitwa mafunzoni Bukoba mjini, katika ukumbi mmoja wa Miembeni, pamoja na wanawake wengine kumi na mmoja. Msimamizi wao alikuwa Aristides Ndyamukama, mtoto wa Kamachumu, mzaliwa wa migombani kama wao, ila alikuwa amesoma semina nyingi hata akasahau. Alivaa tai kwenye jua la saa saba. Mfukoni mwa shati alichomeka kalamu ya wino yenye kofia ya dhahabu, na kalamu hiyo hakuna aliyewahi kuiona ikiandika, kwa maana dodoso lilijazwa kwa penseli ili makosa yafutike. Aliwapeleka kununua vifaa katika duka la mzee Hemant. Mzee yule alitazama orodha, akapandisha miwani.

“Penseli ishirini na nne, raba arobaini na nane,” alisema. “Bwana, nyinyi mnakwenda kuandika au kufuta?”

Aristides hakucheka. Watu wa aina yake hucheka wakishaona mkubwa amecheka.

Moyo wa dodoso ulikuwa kalenda. Ukurasa mzima wa visanduku vidogo, kimoja kwa kila mwezi, miaka mitano kurudi nyuma. Mwezi wa mimba unatia herufi, mwezi wa kujifungua herufi nyingine, mwezi wa vidonge namba. Vidonge vikikoma, unatia pembeni tarakimu mbili za sababu: alitaka mtoto, alipata madhara, mume alikataa, vidonge vilikosekana. Namba sifuri tisa ilikuwa “mume hayupo”. Waliotunga walimaanisha mume aliyesafiri, na ndiyo maana chini yake kulikuwa na swali dogo: “Anatarajiwa kurudi lini?” Mwisho kabisa palikuwa na “sababu nyingine, taja”, na nafasi ya kutajia iliyotosha jina la kuku.

Ukurasa wa mbele ulikuwa na mahali pa kuandika wajane, hilo ni kweli. Lakini mwanamke gani mwenye akili angejiandikisha mjane mbele ya mgeni mwenye makaratasi, wakati shemeji zake wanakitolea macho kibanja? Wengi walisema “nimeolewa”, na hawakusema uongo, kwani mahari haikuwa imerudishwa.

Katika mafunzo walielekezwa wawakumbushe wanawake miezi kwa sikukuu za taifa. Mwanamke wa Muleba umuulize alianza vidonge kabla au baada ya Saba Saba! Immakulata alijaribu siku mbili, akaona watu wanamtazama kama mgonjwa wa malaria. Siku ya tatu akaanza kuuliza kwa njia ya kwao: “Ilikuwa kabla ya kumzika nani?” Hapo kumbukumbu zikafunguka. Nilianza walipomzika mwalimu Byabato. Nilijifungua baada ya matanga ya mapacha wa Rutashobya. Kalenda zake zikawa safi kuliko za wote, mwezi kwa mwezi, hadi Aristides akamsifu mbele ya wenzake kwa Kiingereza. Hakuuliza siri ya usafi huo. Angeambiwa kwamba wilaya ile ilikuwa na misiba ya kutosha kila kisanduku, sijui angeiandika kwa namba gani.

Na sababu? Wanawake walisema “hayupo”, macho yakiangalia chini, na Immakulata alijua wanachosema maana yeye ni bingwa wa neno hilo. Kwenye karatasi neno lilikuwapo tayari, limechapwa, linamngoja. Sifuri tisa. Lile swali la kurudi lini hakuliuliza hata mara moja, alitia mwenyewe alama ya “hajui” akageuza ukurasa. Siku kumi na mbili alifanya hivyo, na usimwonee huruma haraka. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na kisanduku rasmi.

Siku ya kumi na tatu Aristides alikuja kumkagua. Walikuwa karibu na Nshamba, kwa mama mmoja aitwaye Jovita, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono imejaa utomvu wa ndizi alizokuwa akimenya. Faragha ya mhojiwa ilikuwa kanuni kubwa, kwa hiyo Aristides alisimama pembeni ya ukuta, hatua nne kutoka pale, akatega sikio kwa faragha.

“Uliacha mwezi gani, dada?” Immakulata aliuliza.

“Baada ya Pasaka ya mwaka juzi.”

“Na kwa nini uliacha?”

“Hayupo.”

Penseli ikatia sifuri tisa. Immakulata akataka kugeuza ukurasa, Aristides akakohoa. Kikohozi hicho kilikuwa na maana: maswali yote yasomwe kama yalivyoandikwa. Immakulata akainamisha macho kwenye karatasi akasoma.

“Anatarajiwa kurudi lini?”

Jovita aliweka kisu juu ya sinia. Hakukasirika, au kama alikasirika alikuwa amezoea. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasimama.

“Njooni mmuulize wenyewe, waitu, ndugu zangu,” alisema. “Hajaenda mbali.”

Wakamfuata nyuma ya nyumba. Kati ya migomba palikuwa na tuta, msalaba wa mbao, na mboga za maboga zimeanza kulitambalia. Jovita alizisogeza kwa mguu ili jina lisomeke. Aristides alitazama saa yake. Immakulata hakuweza kutazama popote, kwa sababu kaburi lile lilikuwa kama la Mwijage, hata upande lilikoelekea.

Jioni ile ile, kabla giza halijaingia, alimwendea Aristides kwenye nyumba ya wageni walikofikia, amekumbatia madodoso yake yote. Alikuwa ameyapitia moja moja. Kati ya wanawake thelathini na wanne walioacha vidonge, kumi na tisa walikuwa sifuri tisa, na kati ya hao aliweza kutaja makaburi kumi na saba.

“Naomba niwahamishie kwenye sababu nyingine,” alisema. “Niandike kwamba mume alikufa.”

Aristides alimketisha, akamweleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. “Dada Immakulata, ‘sababu nyingine’ zisizidi asilimia tano. Zikizidi, makao makuu wanaona tumeshindwa kuuliza. Kifo hakina namba.”

“Hakina namba lakini kipo, Bwana Aristides. Wewe ni Mhaya. Mtu akikwambia mume hayupo huku ameinamisha macho, hujui amekwenda wapi?”

“Mimi najua. Mashine ya makao makuu haijui.”

“Basi iambiwe.”

Alikuwa tayari ameandika kwenye madodoso matano, kwa herufi ndogo ndogo: mume alikufa. Aristides aliyachukua, akatoa raba mfukoni, akaanza kufuta mbele yake, taratibu, akipuliza mavumbi. Aliwafukua wanaume watano, akawarudisha safarini.

“Na wewe mwenyewe,” alisema bila kuinua kichwa. “Mumeo yuko wapi?”

Hapo ndipo angepaswa kusema. Hata leo akikumbuka, mashavu yanawaka. Miaka mitatu ya kulishika lile neno mdomoni ikamshinda nguvu, na mbele ya mtu yule ambaye yeye alimdharau kuliko wote duniani, akajibu:

“Hayupo.”

“Sifuri tisa,” alisema Aristides, akatabasamu. Asubuhi akamwandikia barua ya kumwondoa kazini kwa kutofuata maelekezo. Immakulata akapanda lori la kahawa, akarudi Ijumbi, akashika jembe. Kilichomuuma si kazi. Kilimuuma kwamba alipewa nafasi ya kumwandika Mwijage kuwa maiti, akamwandika msafiri.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Kitabu kikatoka, kikubwa, kina picha ya mama anayecheka kwenye jalada. Wakubwa wakakisoma wakastaajabu: wanawake wa upande ule huacha vidonge kwa sababu waume zao ni wasafiri mno! Wakakaa, wakafikiri, na matunda ya kufikiri kwao yakawa semina. Wake wa wanaume wasafiri wakaitwa kwenye ukumbi wa Nshamba, soda na mandazi juu ya meza. Bibi mtaalamu alitoka Dar es Salaam, msafi, mkarimu, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia lolote. Pembeni yake, na daftari na penseli, alikaa Aristides, sasa amepanda cheo.

Wanawake walikuwa sitini hivi. Immakulata, aliyeorodheshwa naye kwa lile neno lake, alikuja na bibi Leokadia, ambaye hakuitwa lakini alisikia kuna mandazi. Mtaalamu alieleza nusu saa kwamba kuacha vidonge mume anaposafiri ni kosa, kwa maana mwili unahitaji kujiandaa. Kisha akauliza, kwa kutaka washiriki:

“Hebu niambieni, kina mama. Umeshaacha vidonge, halafu usiku mmoja unasikia hodi. Mume karudi ghafla. Utafanyaje?”

Jovita, aliyekaa mstari wa mbele, ndiye aliyejibu.

“Tutakimbia,” alisema.

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, wanawake wakaegemeana wakilia kwa kucheka. Mtaalamu naye alicheka, kwa heshima, akimtazama Aristides ili amfafanulie. Aristides alikuwa na shughuli kubwa ya kuchonga penseli.

Immakulata akasimama. Alimtazama kwanza mama mkwe wake, na bibi Leokadia alikuwa ameshika andazi bila kulila.

“Mimi ni Immakulata wa Ijumbi,” alisema. “Mume wangu ni Mwijage. Hakusafiri. Alikufa Novemba themanini na nane, wakati wa senene, kwa Juliana. Vidonge niliviacha Machi ya mwaka huo, kwa sababu nilikuwa nauguza.”

Akakaa. Jovita akasimama, akasema la kwake, jina na mwezi. Akasimama wa tatu. Mtaalamu hakucheka tena, alikuwa amekaa kwenye kiti, kitabu kimefungwa mapajani. Walipofika ishirini, sauti ya kizee ikasikika bila mtu kusimama.

“Mwijage ni mwanangu,” alisema bibi Leokadia. “Amekufa.”

Alilisema kwa Kihaya, kisha akalirudia kwa Kiswahili ili wageni nao waelewe. Immakulata alimshika mkono, naye hakuutoa.

Mtaalamu akageuka kwa Aristides akamwuliza kama ameandika. Aristides akasema ndiyo, anaandika. Kweli penseli ilikuwa ikitembea, na raba ilikuwa tayari mezani kando ya daftari.

“Andika kwa wino, Bwana Aristides,” alisema Immakulata kutoka alipoketi.

Aristides akajibu kwamba samahani, leo hakuja na kalamu ya wino. Ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na ukumbi mzima uliiona.